Waliotolewa kizazi, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada:
Shikamooni wakubwa, nanyi wenzangu habari zenu. Faibroidi, yaani uvimbe kwenye kizazi, zimenifanya nitokwe na damu nyingi kila mwezi hadi nikapungukiwa damu mwilini, na daktari wa magonjwa ya wanawake, baada ya dawa kushindwa, amenishauri nitolewe kizazi. Watoto ninao na sihitaji wengine. Naomba mliopitia mnieleze upasuaji wenyewe na maisha ya baadaye, kwani mawifi zangu wamekwisha kuniambia kwamba nitabaki mtupu na ndoa itapoa.

Mama wa Muheza:
Marahaba, mwanangu. Mimi nilipasuliwa chini ya kitovu, mshono wa kulala kama wa waliojifungua kwa upasuaji. Kabla ya siku hiyo nilimeza dawa za kuongeza damu kwa muda, na ndugu wakachangia damu ya akiba. Nilichomwa sindano ya mgongo, hivyo nilisikia mazungumzo ya madaktari bila kusikia maumivu. Wengine hupewa nusu kaputi wakalala kabisa. Nilirudi wodini nikiwa na mpira wa mkojo, na kesho yake wauguzi wakaniinua nitembee, jambo nililoliona la kikatili mpaka nilipoelezwa kwamba kulala tu kunaweza kugandisha damu miguuni. Kilichonitesa kuliko kidonda ni gesi tumboni na choo kigumu; papai na maji vilinisaidia. Kwa wiki sita sikuinua ndoo wala kutwanga, na mume alisubiri muda huohuo, kwa sababu ndani nako kuna mshono unaohitaji kupona. Huo utupu wanaousema haupo, kwani utumbo hujisogeza ukajaza nafasi. Ndoa, nikisema kweli, ilipata nafuu damu ilipokoma.

Mkaazi wa Likoni:
Kizazi changu kilikuwa kimeshuka, kikatolewa kwa njia ya uke, bila kovu tumboni, nami nikapona mapema kuliko wenzangu waliopasuliwa. Matone ya damu au uchafu wa kahawia huweza kuendelea kwa wiki kadhaa, usishtuke. Lakini ukiona homa, harufu mbaya, damu nyingi au mguu mmoja kuvimba, rudi hospitali siku hiyohiyo.

Bi Mkubwa:
Mimi niliondolewa kizazi pamoja na ovari (vifuko vya mayai) zote mbili kabla hedhi haijakoma yenyewe. Joto la ghafla, jasho la usiku na kukosa usingizi vilianza mara moja, na daktari akanieleza pia kuhusu kulinda mifupa. Aliyebakiziwa ovari haingii ukomo wa hedhi ghafla namna hiyo, ingawa damu ya mwezi haitarudi tena. Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla ya kutia sahihi ile fomu ya ridhaa, uliza ovari zako zinaondolewa au zinabaki, na kwa sababu gani.

Muuguzi mstaafu:
Niongeze kwamba wapo wanaobakiziwa shingo ya kizazi, na hao bado wanatakiwa kupimwa saratani ya shingo ya kizazi kama wanawake wengine. Ukiruhusiwa kwenda nyumbani, omba karatasi yako ioneshe waziwazi kilichoondolewa, kisha ufuatilie majibu ya maabara ya kizazi hicho, hata kama unajisikia mzima.