Golf GTI nimeipiga rimapu, sasa klachi inateleza. Niko Moshi, nifanyeje?

Mzee wa Soweto
Heshima kwenu wakuu. Nina Golf GTI ya 2007, injini ya TFSI lita 2 yenye turbo, gia za mkono. Tangu niiweke rimapu ya steji 1, yaani kubadilisha programu ya kompyuta ya injini ili itoe nguvu zaidi, imekuwa moto kweli. Ila nikipanda kutoka Himo kwenda Marangu, gia ya nne, nikikanyaga mafuta mshale wa RPM unaruka na mwendo hauongezeki. Fundi anataka kushusha gia boksi abadilishe klachi pleti peke yake. Mwingine anasema turbo imekufa. Nimsikilize nani?

Kijana wa Njiro
Uza uchukue IST. Natania mkuu.

Spana 17
Turbo ikifa gari inakuwa nzito, RPM haziruki hivyo. Hiyo ni klachi. GTI hiyo ilitoka kiwandani na farasi 200 na msokoto wa Nm 280, klachi ikapangiwa mzigo huo. Steji 1 inaweza kuipitisha Nm 350, tena kwenye RPM za chini. Klachi haijali farasi, inajali nguvu ya msokoto.

Pleti peke yake hapana. Kazi kubwa ni kushusha gia boksi, kwa hiyo weka na presha pleti na bearing yake. Flaiwili nayo, lile gurudumu zito la injini ambalo klachi inalibana, ikaguliwe, ni ya vipande viwili vyenye springi katikati. Ikichoka inagonga ukizima injini. Na sili ya nyuma ya krenki: oili ikifika kwenye pleti, hata klachi mpya itateleza.

Mzee wa Soweto
Asante mkuu. Kuna duka Arusha wananishawishi flaiwili ya kipande kimoja.

Mama Turbo
Inadumu, ila ikiwa sailensa (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) inalia kama mashine ya kusaga. Kwa gari ya kila siku baki na vipande viwili, weka klachi iliyoimarishwa, na aliyekupigia rimapu apunguze msokoto chini ya RPM 3000. Wengi hawafikirii hilo, na ni la laptop tu.

Spana 17
Naunga mkono. Halafu TFSI hiyo ina kikombe kidogo cha chuma kati ya kamshafti na pampu ya mafuta ya presha kubwa. Kinalika, na kikitoboka kinaharibu pampu na kamshafti. Kikague kabla hujaagiza klachi, ni boliti 3 tu.

Mzee wa Soweto
Na wakati nasubiri spea?

Mama Turbo
Endesha, ila usikanyage mpaka chini ukiwa gia kubwa na RPM 2000. Shusha gia kwanza. Marangu nenda na daladala.