Bushi za bronzi au za nailoni? Fundi anasubiri jibu

Pistoni77: Wakuu, bushi za mashine yangu, zile pete ndefu shafti inapopita, zimelika, shafti inacheza. Fundi kereza anataka jibu leo: bronzi au nailoni? Nailoni ni nafuu.

Mkereza: Mkuu, mashine gani? Shafti inazunguka au inakwenda na kurudi? Kuna maji, mchanga, joto? Bila hayo tunapiga ramli.

KasiNdogo: Bronzi tu, ile ya unga ulioshindiliwa na kuchomwa. Karibu moja ya tano ya ujazo wake ni oili. Ikipata moto inaitoa, ikipoa inainyonya tena.

Pistoni77: Samahani wakuu. Inakwenda na kurudi, shafti ya chuma cha pua, milimita 30. Iko nje, maji yanairukia.

Mkereza: Basi hiyo ya unga iache. Inataka shafti inayozunguka ndiyo ivute oili. Tena ukiikereza ndani vibaya unaziba vitundu vyake.

NatiNaBolti: Nailoni na maji, hapana! Niliwahi kuziweka kwenye pampu. Nilizikereza zikiwa kavu, shafti ikapita kwa kusukuma na kidole, nikafurahi. Wiki mbili baadaye mota inaunguruma, shafti haisogei. Tukaigonga kwa nyundo ya mbao, ikagoma. Mwishowe nikapasua bushi kwa msumeno: ndani inang'aa kama kioo, imevimba kwa maji, imeikaba shafti. Kazi ya siku nzima. Sasa natumia asetali, plastiki nyingine ngumu, hainywi maji kiasi hicho.

Mkereza: Pole ndugu, ila kosa ni nafasi uliyoacha. Nailoni hutanuka kwa joto mara kadhaa kuliko chuma, na maji juu yake.

KasiNdogo: Na mchanga je? Chembe zinajichimbia kwenye plastiki, bushi inageuka msasa, inakula shafti.

Nanga: Meli za zamani zilitumia mbao ya lignum vitae kwenye shafti ya propela. Ina mafuta yake ndani, maji ndiyo yanailainisha.

KasiNdogo: Mzee Nanga, mbao hiyo ataipata wapi leo?

Mkereza: Turudi kwenye shafti. Imechomwa ikawa ngumu? Kama ni laini, bronzi ngumu itaichuna.

Pistoni77: Sijui. Nina tupa tu hapa.

Mkereza: Pitisha tupa kwenye ncha isiyoingia kwenye bushi. Ikiteleza bila kula, ni ngumu. Ikila, tuma picha ya mikwaruzo kabla fundi hajakata chochote.