Naomba ushauri: povu la Clover Club linanishinda

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninajaribu kufufua Clover Club, kokteli ya Philadelphia iliyonyweka kabla Marekani haijapiga marufuku pombe mwaka 1920. Natumia jini mililita 45, maji ya limau 20, sharubati ya rasiberi 15 na ute mweupe wa yai moja. Hutikisa kwanza bila barafu, kisha pamoja na barafu, lakini lile povu la rangi ya waridi (ndilo hasa lililonivuta) hupasuka kabla glasi haijafika mdomoni, likaacha shombo ya yai. Nimebadilisha mayai mara mbili bila nafuu. Je, kosa liko kwenye muda wa kutikisa au kwenye sharubati? Na vermuti kavu (divai isiyo tamu iliyokolezwa mitishamba), inayotajwa katika baadhi ya maelekezo ya zamani, itaikata shombo hiyo?