Yule mtangazaji wa kipindi cha redio cha wasanii chipukizi Kigoma kajifutia mafuta ya samaki, mgebuka, kwenye mashairi yangu!

Wakuu habari za jioni, ingawa yangu mimi imeshaharibika.

Wa Kigoma mjini mnamjua, sina haja ya kutaja jina. Yule wa kofia, anayeivaa mpaka ndani ya studio kama vile jua linachomoza kwenye maiki, na anacheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Eeh, huyohuyo.

Nimetoka kwake sasa hivi, naandika nimesimama hapa Mwanga sokoni, mikono inatetemeka. Nimempelekea wimbo. Flashi mpya, na karatasi ya mashairi niliyoandika kwa mkono, maana alisema mwenyewe hewani kwamba msanii wa kweli haji mikono mitupu. Kachomeka flashi. Mezani sahani ya ugali na mgebuka. Anakula, wimbo unapiga, nikasema sawa, binadamu anakula. Kilipoingia kiitikio akanyoosha mkono, nikajua anataka kufuatilia mistari. Akavuta karatasi yangu AKAJIFUTA VIDOLE. Kimoja kimoja. Akamalizia na mdomo. Kwa ubeti wa pili!

Ubeti wa pili ndugu zangu! Ule ndio ulionitoa jasho. Nimehesabu mizani mstari kwa mstari ili mwimbaji asiishiwe pumzi. Nikafukuza neno "moyo" lote, maana kila wimbo nchi hii una moyo unaouma, nikaweka treni inapiga honi inaondoka stesheni, mtu kabaki kashika tiketi mbili. Msikilizaji ajazie mwenyewe. Leo hiyo treni imepita kwenye kidevu cha mtu.

Halafu bila aibu: "Dogo, hela ya maji ipo?" Kwa kiasi alichotaja, unachimba kisima na mtaa mzima unateka.

Na huu ndio mkoa wa kina Ali Kiba, Mwasiti na Linex! Wangepitia kwa huyu bwana, mashairi yao yote yangekuwa tishu.

Msiniambie niweke mtandaoni. Nimeweka. Sina lebo, sina meneja, linki nasambaza mwenyewe kwenye magrupu mpaka la kikoba cha shangazi wamenitoa. Lakini mama wa saluni na mvuvi wa Kibirizi wanasikiliza redio, na redioni kakaa yeye, kashika karatasi yangu, ANAJIFUTA.

Chaji inaisha. Nawasilisha.

Kapeto wa Ujiji: Ndefu sana. Mgebuka wa kukaanga au wa kuchoma?

Mama Wawili: Pole mdogo wangu. Huyo bwana, binti yangu alimpelekea kaswida, akamuuliza kama kuna toleo la kuchezeka.

Fundi Masikio: Nimefungua linki yako. Mkuu, tuseme ukweli. Mawimbi ya ziwa, filimbi, halafu unasalimia washkaji wa Katubuka mmoja mmoja. Spotify inahesabu msikilizaji akifikisha sekunde 30, wewe sekunde ya 30 bado unasalimia. Jamaa alikula akisubiri uanze kuimba.

Mleta mada: Utangulizi ni sanaa. Na siyo hoja. Hoja ni KAJIFUTA.

Kapeto wa Ujiji: Hujajibu. Wa kukaanga au wa kuchoma?

Mzee wa Mirabaha: Vijana mnalia na karatasi tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda tangu ulipoandika, hata ikilowa mafuta. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unasajili ili siku mkigombana uwe na ushahidi. Na prodyuza wako, mgawanyo wa mapato mliandikiana? Au ndiyo "sisi ni mtu na kaka yake"?

Mjukuu wa Stesheni: Mzee usinitoneshe kidonda! Wangu kakalia mafaili yote. Nilichonacho ni MP3 ya WhatsApp, msambazaji wa mtandaoni anataka WAV, faili lisilobanwa. Nikimpigia prodyuza anasema kompyuta ina virusi, mwaka wa pili huu inaugua. Juzi biti niliyolipia laki na nusu nimeisikia kwenye tangazo la magodoro. Nimesimama barabarani nimeganda, watu wakadhani nataka kununua godoro.

Mama Wawili: 😂😂 Hujanunua?

Mnyamwezi wa Isevya: Nyie wenzetu mnasikilizwa huku mtu anakula, ni heshima hiyo. Huku Tabora dijei wa harusi aliupiga wimbo wangu watu wako kwenye foleni ya pilau, akaukata katikati kutangaza gari lililoziba njia. Namba za gari zilishangiliwa kuliko mimi.

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada. KARATASI.

Dada Biti: Mimi nasaka YouTube ianze kunilipa matangazo: wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Wafuasi nimewapata, ukoo wote na majirani. Sasa saa. Shangazi anafungua, anaandika "hongera mwanangu Mungu akutangulie", anafunga. Hata kiitikio hajafika.

Fundi Masikio: Shangazi kama huyo ndiye aliyemtoa mleta mada kwenye kikoba.

Mleta mada: Mods fungeni uzi.

Kapeto wa Ujiji: Usifungwe, nina hoja. Miezi 3 Ziwa Tanganyika lilifungwa watu wasivue, likafunguliwa Agosti 15, na mwaloni bei bado haishikiki. Huyo mtangazaji wa redio mgebuka mzima anautoa wapi?

Mjukuu wa Stesheni: Hela ya maji hiyo.

Mnyamwezi wa Isevya: Bora nyie mnauona. Huku tunauziwa wa barafu, ukiuyeyusha unabaki mwiba na kumbukumbu. Kuna mtu anakuja Tabora na treni wiki hii? Naomba mawese lita tano, nalipa akifika stesheni.

Mama Wawili: Mimi nakuja. Lakini dumu langu la mwaka jana uliondoka nalo, kijana.

Mnyamwezi wa Isevya: Lile la njano? Nilimpa Kapeto.

Kapeto wa Ujiji: Lipi?