Ukoo wa Mzee Faki: siku ya Istanbul

Shangazi Zuhura: Assalamu alaykum. Tunatua saa mbili asubuhi, ndege ya Unguja ni usiku. Mchana twende Msikiti wa Süleymaniye. Nani yumo?

Shangazi Zuhura: Mmesoma wote, kimya.

Hamadi: Shikamoo shangazi. Bora Sultan Ahmed, ule wa minara sita. Picha zake 🔥

Shangazi Zuhura: Marahaba. Huo ulianza kujengwa 1609, fundi wake mwanafunzi wa Sinan, mjenzi mkuu wa masultani. Süleymaniye ni mkono wa Sinan mwenyewe, 1550 hadi 1557. Kuba lake liko mita 53 juu, limeegemea nusu kuba mbili, moja upande wa kibla, moja upande wa mlango. Minara minne, roshani kumi, kwa kuwa Suleiman aliyeujengesha ni sultani wa kumi wa Uthmani.

Latifa: Na chakula?

Hamadi: Mbele ya msikiti wanauza maharage, ndiyo sifa ya pale.

Latifa: Nitoke Birmingham nikale maharage 😂

Ami Khamis: Halafu tupande ndege 😂😂

Shangazi Zuhura: Jamani, nataka idadi! Mkiingia tazameni juu ya mlango. Enzi za kandili Sinan aliipanga hewa ivute moshi mpaka chumba cha pale juu, masizi yakakusanywa yakawa wino. Mtu kafikiria hadi moshi!

Mama Latifa: Zuhura, kila safari unapanga peke yako. Madina mlituacha juani mimi na mama.

Shangazi Zuhura: Da Asha, hayo yalizungumzwa Chukwani.

Mama Latifa: Mlizungumza nyinyi.

Hamadi: 📷 *sahani ya maharage*

Babu: Zuhura, Asha, basi. Msikiti ule uko kilimani na miguu yangu mnaijua. Sultani kazikwa ndani ya ua. Sinan kazikwa nje ya ukuta, pembeni, kaburi dogo. Mimi nimejenga misikiti umri wangu wote. Nataka nimsomee Fatiha fundi mwenzangu. Asha atanishika mkono.

Mama Latifa: Sawa baba.

Shangazi Zuhura: Inshaallah baba. Tutashuka tramu Beyazıt, toka pale si mlima sana. Wengine je?

Hamadi: Kwa hiyo Sultan Ahmed jioni?

Shangazi Zuhura: Hamadi, nimeuliza idadi.

*Kesho yake*

Ami Khamis: Ndiyo naamka. Kiti cha magurudumu cha baba kiko kwa nani? Kwangu hakipo.