Kliniki ya kisukari: nani amewahi kuambiwa avue viatu? Tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi
Wakuu, huu ni mwaka wangu wa tisa na kisukari aina ya pili. Miaka minane yote ni ileile: uzito, presha, kidole kinatobolewa, dawa, haya tuonane mwezi ujao. Juzi nimekutana na muuguzi mgeni. "Vua viatu na soksi, fumba macho, useme ukihisi." Akawa ananigusa nyayo kwa kile kiuzi cha nailoni kinachopinda. Kufumbua macho naambiwa kuna sehemu nne kanigusa na sikuhisi kitu. Halafu akakung'uta kiatu changu cha kulia, kikadondoka kijiwe. Nimetembea nacho tangu alfajiri! Kipimo chenyewe hakikufika dakika tano. Nyie wenzangu mmekutana na yapi?

Jibu la 1
Pole mkuu. Mimi kilio changu ni foleni. Unaambiwa njoo hujala, unafika gizani, unaitwa saa sita. Siku moja nilianza kutetemeka pale kwenye benchi, jasho jembamba, maneno hayatoki. Kupimwa, sukari imeshuka hadi 3.1. Nikapewa glukosi. Kilichoniudhi ni kuambiwa baadaye kwamba siku ile nilikuwa na HbA1c tu, kile cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, ambacho hata ukila hakina shida. Sasa nauliza kabla: kesho ni kipimo gani?

Jibu la 2
Mwanangu ana aina ya kwanza. Tulipewa chupa ya insulini ya U-100, yaani yuniti 100 kwa kila mililita, na mabomba ya sindano ya U-40, yaliyopimwa kwa insulini ya yuniti 40 kwa mililita. Mimi ningejuaje? Mama mmoja kwenye foleni ya dawa, naye ana mtoto kama wangu, ndiye aliyeshtuka: "Dada, rudisha hayo." Ukivuta hadi alama ya 10 kwenye bomba la U-40 unakuwa umevuta yuniti 25. Mara mbili na nusu ya dozi, kwa mtoto! Dirishani walibadilisha bila hata samahani. Tangu siku hiyo nasoma maandishi ya chupa na ya bomba papo hapo, anayesonya nyuma yangu na asonye.

Jibu la 3
Mimi niko upande wa pili wa meza, muuguzi. Mnatulaumu, sawa, ila chumba kimoja na wagonjwa sabini, viatu vinavuliwa saa ngapi? Kwetu tulichofanya ni kuhamishia miguu kwenye foleni. Mnaposubiri daktari mmeshavua, mmoja wetu anapita na kiuzi chake na kuandika kwenye kadi. Mwanzoni watu waliona aibu, wengine kwa sababu ya soksi. Siku hizi wanavua wenyewe kabla hatujasema.

Mwanzisha uzi
@Jibu la 3 hiyo nitawapelekea kwetu. Na macho je, mnapima hapohapo? Mimi yangu ni jengo jingine, siku nyingine, na nimeshaahirisha mara mbili.