Fomu 4 imerudishwa kwa sababu ya majina matatu

Mwana wa Ngamiani, Columbus, Ohio

Ndugu zangu wana Tanga, assalam aleikum, na wakubwa zangu wote shikamooni.

Mwezi uliopita nilinunua bunduki ndogo ya .22 katika duka la hapa mjini, na Fomu 4473, ile ya kununulia bunduki, ikapita siku hiyohiyo, kwani nilionyesha leseni ya udereva na kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu, na muuzaji akaandika namba yangu ya ukaazi. Bunduki ninayo. Kilichokwama ni kiwambo cha sauti, kile kinachofungwa mdomoni mwa bunduki kupunguza mlio. Fomu 4, ile ya kuombea kibali cha kiwambo, imerudishwa kwa maelezo ya mstari mmoja tu, kwamba majina ya kwenye fomu hayalingani na yale ya kwenye alama za vidole. Pasi yangu ya Tanzania ina majina matatu: langu, la baba na la babu. Kadi ya kijani imeliunganisha langu na la baba kuwa jina la kwanza, na leseni ya Ohio imelikata la baba ikabakiza herufi moja. Fomu niliijaza kwa kufuata leseni, na aliyenichukua alama za vidole akafuata pasi.

Alama zenyewe zilipatikana kwa tabu. Nafanya kazi ya ghalani, kubeba maboksi kutwa, na ncha za vidole zimesuguka. Yule dada alinipaka losheni, akanibonyeza kidole gumba kwenye kioo mara nne, na bado mistari ikatokea nusu. Sitaki kuyarudia hayo yote kisha fomu irudi tena. Swali langu ni moja: nijaze kwa jina lipi?

Mzee wa Chumbageni, Houston

Wa aleikum salaam mwanangu, na marahaba. Mimi nilianza safari hii mwaka 2012, kwa fomu ya karatasi, hundi ya dola 200 na saini ya sherifu. Sherifu wa kaunti yetu alikataa kutia saini, nikalazimika kuunda trasti, yaani chombo cha kisheria cha kumilikia mali kwa pamoja, kisha nikangoja miezi tisa. Kwa hiyo nakusihi usisajili kwa jina lako binafsi. Kiwambo kikiwa chako peke yako, nawe ukawa kazini huku mkeo anajua namba za kufungulia sefu, anaweza kuhesabiwa kuwa anamiliki silaha isiyosajiliwa kwa jina lake. Ndani ya trasti mnaingia nyote wawili. Na ukivuka jimbo, usisahau kuomba ruhusa kwa Fomu 5320.20.

Binti Pangani, Minneapolis

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, naomba tusimpoteze huyu kijana kwa habari za zamani. Saini ya sherifu iliondolewa Julai 2016, na sasa anapelekewa nakala ya taarifa tu. Kodi ya dola 200, ambayo ilikuwa haijaguswa tangu NFA, sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1934, imekuwa sifuri kwa viwambo tangu tarehe 1 Januari 2026, ingawa usajili, picha na alama za vidole vimebaki palepale. Fomu 5320.20 inahusu bunduki za rashasha na zile zilizofupishwa, wala haihusu viwambo. Tena trasti haimwondolei shida ya majina: tangu 2016 kila mhusika wa trasti hutoa alama zake za vidole na kujaza Fomu 5320.23, ile ya maelezo ya kila mhusika, kwa hiyo akimwingiza mkewe, watakuwa watu wawili wenye majina matatu matatu.

Kuvuka majimbo ni jambo zito kwa sababu nyingine. Minnesota imeruhusu viwambo tangu 2015, lakini mtu akitoka Columbus kuja kwetu kwa gari, njia iliyozoeleka inapita Illinois, na huko ni marufuku hata kama makaratasi yako yote ni safi. Ndivyo ilivyo pia California, New York, New Jersey na kwingineko. Ukija kututembelea, kiache nyumbani.

Sasa nisikilizeni kwa makini, hasa nyinyi mlio na kadi ya kijani. Kuna vikopo vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya chini, vikitangazwa kuwa ni vya kukinga mafuta wakati wa kusafisha mtutu. Ukitoboa matundu kwenye visahani vyake vya ndani bila Fomu 1, ile ya kuombea kibali cha kutengeneza, iliyokwisha kuidhinishwa, umetengeneza kiwambo kisichosajiliwa, na kifungo chake hufika miaka 10. Kwa raia, hiyo ni jela. Kwetu sisi, kosa la silaha linatosha kukufukuzisha nchini, hata uwe umeishi hapa miaka 20 na watoto wako wamezaliwa hapa. Walio kwenye viza ya masomo au ya kazi wasiguse hata bunduki yenyewe, isipokuwa wawe na leseni halali ya uwindaji au wanaingia katika misamaha mingine michache ya sheria.

Mama Salma, Leicester

Huku Uingereza mume wangu alijaza Fomu 201, ile ya kuombea cheti cha silaha, akiwa na wadhamini wawili na barua ya daktari, na polisi wakaja kukagua kabati la chuma. Ilibidi athibitishe kwamba mwenye shamba amemruhusu kupiga sungura, na kiwambo kikaandikwa ndani ya FAC, yaani cheti chenyewe cha silaha, pamoja na bunduki.

Mwanangu, kabla ya kulipia hicho kiwambo, angalia hesi ya mtutu wako, ile mikato ya mzunguko ya kufungia kiwambo. Ya kwenu kwa kawaida ni nusu inchi kwa 28, yaani mizunguko 28 kwa kila inchi, na ya huku ni nusu inchi kwa 20, wala haziingiliani. Chagua pia kinachofunguka chote. Risasi za .22 ni chafu sana; mume wangu akikifungua baada ya wiki chache, visahani vimegandwa na masizi meusi na madini ya risasi, naye huvisugua nje akiwa na glavu, maana nimemkataza kufanyia kazi ile kwenye sinki la vyombo. Na anatumia risasi za mwendo mdogo, chini ya mita 340 kwa sekunde, kwa sababu risasi inayoupita mwendo wa sauti hupasua hewa kwa mlio wake yenyewe, na mlio huo hauzuiwi na kiwambo chochote.

Mzee wa Chumbageni, Houston

Binti, nimekosoleka na nashukuru. Basi kijana asubiri N-400, ile fomu ya kuombea uraia wa Marekani. Siku ya kiapo anaweza kubadilisha jina mahakamani, na makaratasi yote yakafuata jina hilo moja.

Aliyerudi, Muheza

Mzee, unamshauri aache uraia wake kwa ajili ya kiwambo? Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyotungwa, ilimnyima asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Shamba la baba yake lipo hapa jirani yangu. Jambo hilo linaniuma, maana nimeona wenzetu wakirudi kama wageni katika miji waliyozaliwa.

Na kama kijana anafikiria kuja na bunduki hiyo, ajue kwamba kutoa kiwambo Marekani kunahitaji leseni ya Wizara yao ya Mambo ya Nje, na huku silaha yoyote huanzia kwa polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2015. Wanyama nao wana sheria yao. Juzi alfajiri ngedere walishuka kwenye michungwa, wakawa wanalimega chungwa mara moja tu na kulitupa, na nikahesabu 43 chini ya mti mmoja. Niliwafukuza kwa kupiga debe, kisha nikampigia simu afisa wa wanyamapori wa wilaya.

Mwana wa Ngamiani, Columbus, Ohio

Nawashukuru nyote, na kaka, nisalimie wa hapo Muheza. Bunduki itabaki huku, na hesi nimeipima, ni 28. Nimepata nafasi nyingine ya alama za vidole Alhamisi saa tatu asubuhi. Yeyote aliyewahi kupitisha Fomu 4 akiwa na pasi yetu ya majina matatu, naomba aniambie kabla ya siku hiyo: aliandika jina la leseni au la kadi ya kijani?